Msaada wakuu: CA-125 ya bi mkubwa imepanda katikati ya kemo, hii ripoti tuisomeje?

Mkubwa_wa_Nyumba
Habari za jioni wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Naenda moja kwa moja maana kichwa kinawaka moto. Bi mkubwa ana saratani ya ovari, iligundulika baada ya tumbo kujaa maji, mwanzo kila tukienda zahanati anapewa dawa za vidonda vya tumbo mpaka alipotokea daktari mmoja kijana akasema huyu mama apigwe ultrasaundi leo leo. Akafanyiwa operesheni, wakatoa kizazi na ovari zote mbili na ule utando wa mafuta wa tumboni, saivi yuko kwenye kemo ya dripu mbili, karboplatini na paklitakseli, kila baada ya wiki tatu.

Sasa ishu iko hapa. Kabla ya operesheni CA-125, kile kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya ovari, ilikuwa 1,148. Siku anaanza kemo ya kwanza ikawa 402. Kabla ya raundi ya pili ikaja 231, nyumba nzima tukafurahi mpaka dada akapika pilau. Juzi tunajiandaa na raundi ya tatu hospitali wakasema vitendanishi vya hicho kipimo vimeisha tukapime nje, tukaenda maabara moja ya mtaani, majibu yametoka 268. Kwenye karatasi kuna H nyekundu na mshale unaangalia juu, na pembeni wameandika kawaida ni chini ya 35.

Dada amelia tangu jana anasema dawa zimegoma. Mjomba kapiga simu kutoka kijijini anasema tuache hizo sumu tumpeleke kwa mzee fulani. Kliniki ni Alhamisi. Kuna mtu humu anaelewa hivi vipimo anisaidie, je ni kweli kemo haifanyi kazi?

Tiba_Asili_Halisi
Pole sana ndugu, majani ya mstafeli na mchanganyiko wangu wa mizizi saba unashusha CA-125 ndani ya wiki mbili, nicheki inbox nikupe bei, hadi mkoani natuma.

Chuma_cha_Reli
Huyu kaja hata kabla ya mtu kusema pole. Bi mkubwa yuko kwenye dripu ambazo ini na figo ndo zinahangaika kuzisafisha, halafu wewe unamwongezea mizizi saba isiyojulikana kipimo. Mkuu kama ameshaanza kunywa chochote cha majani mwambie daktari wake kabla ya dripu, usifiche kwa kuogopa kugombezwa.

Pipeti_Mbili
Mkuu tulia kwanza, pole na wewe na pole kwa mama. Mimi niko maabara, sio daktari, kwa hiyo nitaongelea karatasi tu, ya mgonjwa watakuja madaktari.

Kabla sijasema kitu naomba uchukue karatasi zote, ile ya 231 na hii ya 268, angalia chini kabisa au kwenye mabano karibu na jina la kipimo, kuna mahali huwa wanaandika njia iliyotumika au jina la mashine. Niandikie kilichoandikwa.

Mkubwa_wa_Nyumba
Mkuu Pipeti nimeangalia. Za hospitali zote tatu zimeandikwa ECLIA. Hii ya mtaani imeandikwa CLIA. Nilidhani ni kitu kimoja herufi imeruka.

Pipeti_Mbili
Basi hapo ndipo tuanzie. Hizo ni mashine mbili tofauti za makampuni mawili tofauti, kila moja ina antibodi zake za kuishika hiyo protini na kila moja imewekewa mizani yake. Damu ileile ya mtu yuleyule, tyubu moja, ukaigawa ukapima huku na kule, majibu yanaweza kupishana sana na hakuna aliyekosea. Kwa hiyo 231 ya hospitali na 268 ya mtaani huwezi kuziweka kwenye mstari mmoja ukasema imepanda. Hujui. Inawezekana imepanda, inawezekana imebaki palepale, inawezekana hata imeshuka. Ndio maana kwenye maabara zinazojali, wakibadilisha mashine huwa kwa muda wanapima mgonjwa kwa zote mbili ili daktari apate pa kuanzia upya.

Na hata ingekuwa mashine ileile, kutoka 231 kwenda 268 ni ongezeko la kama asilimia 16. Hivi vitu kwenye damu ya mtu vinacheza vyenyewe wiki hadi wiki, na mashine nayo ina kupotoka kwake kidogo, asilimia kumi na kitu peke yake hamna daktari anayejua kazi atakayebadilisha dawa kwa ajili hiyo.

Hiyo H nyekundu na mshale vinawekwa na kompyuta. Kompyuta haijui kama mama ana saratani wala haijui ametoka 1,148, inachojua ni 35 tu. Atawekewa H hata akifika 40 akiwa anaendelea vizuri kabisa.

Kitu kingine angalia vizio vilivyoandikwa mbele ya namba, nimeshaona mtu analia kisa karatasi moja imeandikwa U/mL na nyingine kU/L akadhani imezidishwa elfu. Ni namba ileile. Vilevile ng/mL na µg/L kwenye CEA, AFP na PSA, vipimo vingine vya damu vya saratani, namba haibadiliki.

Dada_Mkubwa_Tabata
Asante Pipeti kwa kuandika kibinadamu. Mkubwa wa Nyumba pole sana mdogo wangu, nayajua hayo machozi ya dada yako.

Mimi ni saratani ya titi, ilisambaa kwenye mifupa, ninapimwa CA 15-3. Nikupe kisa changu maana nadhani kitawasaidia hasa wanawake. Baada ya kemo nywele zilivyoanza kurudi nilikuwa na haraka, shoga yangu akaniletea vidonge vya nywele na kucha kutoka Dubai, kopo zuri lina picha ya mwanamke ana nywele mpaka kiunoni. Nikawa nakunywa kila asubuhi. CA 15-3 yangu ilikuwa inashuka taratibu, ilikuwa sitini na, ikaja hamsini na, halafu ghafla ikatoka 11. Nikapiga vigelegele pale pale kwenye benchi. Naingia kwa daktari namkuta hajafurahi hata kidogo, ameikazia karatasi macho, akaniuliza mama unakunywa vidonge gani vingine? Nikamwambia hamna, akasema hata vya vitamini? Ndo nikatoa kopo kwenye mkoba. Akasoma nyuma, akaniambia acha hivi, baada ya siku kadhaa tutapima tena. Ikaja 48.

Ndani ya lile kopo kulikuwa na bayotini mikrogramu 10,000 kwa kidonge kimoja.

Pipeti_Mbili
Dada hapo juu umemaliza kila kitu, hiki kisa kingetakiwa kibandikwe kwenye kila chumba cha kutolea damu. Mwili wa mtu mzima unahitaji bayotini kama mikrogramu 30 kwa siku, hivi vya nywele vina 5,000 au 10,000. Baadhi ya mashine zinatumia bayotini hiyohiyo kama gundi ya kunasa kile kinachopimwa, sasa damu ikija imejaa bayotini ya kopo, gundi inashikwa na isiyohusika, majibu yanatoka chini kwa uongo. Kwa vipimo vya aina nyingine, kama baadhi ya vile vya homoni za tezi ya shingo, vinatoka juu kwa uongo. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilitoa tahadhari 2017 na ikairudia 2019. Sio kila mashine inasumbuliwa na nyingine zimeshafanyiwa marekebisho, lakini wewe mgonjwa huwezi kujua umeangukia ipi, kwa hiyo anayetoa damu mwambie tu natumia vidonge vya nywele.

Binti_Pangani
Jamani mi nilikuwa napita tu, nimeshtuka hapo kwenye vidonge vya nywele nikaenda kuangalia kopo langu. Ni 10,000 kweli 🙆🏾‍♀️

Kiprono_Mbio
Wadau niongeze ya huku Eldoret. Mzee wangu ana saratani ya tezi dume, yeye hakufanyiwa upasuaji, alipigwa mionzi. PSA, kipimo chake cha damu, ikashuka polepole mpaka 0.6, halafu baada ya kama mwaka hivi ikapanda 1.3. Mzee akaita watoto wote nyumbani, akaanza kugawa ng'ombe, nasema ukweli, alimwambia ndugu yangu yule dume mweusi ni wako. Tukaenda kliniki daktari akacheka kidogo akasema mzee rudisha ng'ombe zako. Akatueleza kwamba baada ya mionzi PSA huwa inaweza kuruka juu mara moja hivi kisha inashuka yenyewe bila dawa yoyote, na kwamba kwa mtu wa mionzi wanaanza kusema ugonjwa umerudi ikifika 2 juu ya pale chini kabisa ilipowahi kugusa. Kwa mzee ingekuwa 2.6. Mara iliyofuata ilikuwa 0.5.

Lakini akasema kwa mtu aliyetolewa tezi yote hesabu ni nyingine kabisa, huyo hana kiwanda cha PSA tena kwa hiyo inafaa iwe karibu na sifuri, ikifika tu 0.2 na ikirudiwa iko vivyo hivyo wanaanza kutafuta. Kwa hivyo usichukue namba za jirani ukalinganisha na za baba yako hata kama ugonjwa una jina moja.

Chuma_cha_Reli
Na dume jeusi lilirudi?

Kiprono_Mbio
Lilirudi, na ndugu yangu bado amenuna.

Daktari_wa_Zamu
Nimetoka zamu sasa hivi nimekuta uzi umenoga. Mkubwa wa Nyumba, namjibu mtu mwenye mgonjwa, simtibu mama yako hapa, atakayeamua ni daktari wake anayemwona.

Pipeti amesema vizuri kuhusu mashine. Mimi niongeze ya mwili. CA-125 haitengenezwi na saratani peke yake. Utando unaofunika ndani ya tumbo na kifua nao unaitoa ukikerwa, kwa hiyo mwanamke akiwa kwenye siku zake, mwenye mimba, mwenye faibroidi, mwenye endometriosisi, mwenye maambukizi kwenye nyonga, mgonjwa wa ini aliyejaa maji, wote inaweza kupanda na hawana saratani. Na operesheni ya tumbo yenyewe inaipandisha kwa wiki kadhaa. Ndio maana kwenye tafiti, CA-125 iliyopimwa ndani ya siku 28 tangu mtu afunguliwe tumbo huwa haihesabiwi. Kwa hiyo hata ile 402 ya siku ya kemo ya kwanza, kama operesheni ilikuwa ya karibuni, usiiamini sana. Na dozi ya kwanza ya kemo wakati mwingine inaifanya ipande kabla ya kushuka, chembe zinavyokufa zinamwaga kilichomo. Watu wa titi na wa utumbo mpana nao ni vivyo hivyo, wiki nne hadi sita za mwanzo za matibabu mapya namba inaweza kudanganya.

Umeuliza lini tunasema kemo imegoma. Vigezo vinavyotumika kwenye tafiti za saratani ya ovari ni kwamba kama CA-125 haijawahi kufika kawaida, basi iwe mara mbili ya pale chini kabisa ilipofika, na irudiwe angalau wiki moja baadaye ikiwa bado iko huko. Ya mama chini kabisa ni 231, mara mbili yake ni 462. Uko mbali sana na hapo. Na hata ikifika huko hatubadilishi dawa kwa namba tu, tunapima tumbo kwa mkono, tunauliza, tunapiga CT skani.

Kuacha kemo kwenye raundi ya pili kwa sababu ya 268 ya maabara nyingine, huo ndio uamuzi ambao ungeniogopesha mimi kuliko hiyo namba.

Mkubwa_wa_Nyumba
Daktari, Pipeti, dada wa Tabata, Kiprono, Mungu awabariki. Nimemsomea dada uzi wote, amenyamaza. Mjomba nimempigia ila amesema namba za kwenye simu haziwezi kumfundisha yeye, tuone Alhamisi.

Mjukuu_wa_Bi_Zuhura
Hapo kwenye CA-125 kupanda bila saratani niweke ushahidi. Shangazi yangu alivimba tumbo, akakonda, jioni homa, CA-125 ikatoka zaidi ya 600. Daktari mmoja (simtaji wala hospitali siitaji) akatuambia hii ni saratani ya ovari imeshafika mbali, mjiandae. Tukajiandaa kweli, mpaka mashamba yakaanza kuulizwa. Bahati tulipopewa rufaa kwingine wakasema hatuanzi kitu bila kinyama cha kupima, wakamtoboa wakachukua kinyama na maji, kinyama kikarudi TB ya tumbo. TB! Alikunywa dawa miezi sita, maji yakakauka, CA-125 ikarudi kawaida, saivi anauza vitumbua.

Daktari_wa_Zamu
Na hilo kwetu huku sio ajabu hata kidogo, TB ya tumbo na saratani ya ovari zinafanana kama pacha, maji tumboni, kukonda na CA-125 ya mamia. Saratani inathibitishwa na kinyama chini ya darubini. Ziko chache zinazotibiwa kwa kutegemea namba na picha, ila ovari hapo haipo.

Kijana_wa_Karume
Wakuu samahani naingiza langu. Kuna kituo kinatangaza kifurushi cha kupima saratani zote kwa damu, wanaita ful bodi, kuna CEA, CA-125, CA 19-9, AFP, PSA, hela ndefu kidogo. Mimi mzima kabisa, miaka 31, nataka nikapime nijue moja. Inafaa?

Pipeti_Mbili
Mdogo wangu hela yako iweke. Hapa nitaongea mpaka nichoke maana hili linaniudhi, tena linauzwa na watu wanaojua.

Chukua hiyo CA-125. Karibu nusu ya wanawake wenye saratani ya ovari ya hatua ya kwanza, pale ambapo ungetaka uigundue, kipimo kinatoka kawaida. Na wewe ni mwanaume, sijui wanakupimia nini. CEA iligunduliwa Montreal 1965 na watu wakafikiri wamepata kipimo cha saratani ya utumbo, haikuwa hivyo, inapanda kwa mvuta sigara asiyeumwa chochote, inapanda kwa mgonjwa wa ini, na wenye saratani changa ya utumbo wengi iko kawaida. CA 19-9 ya kongosho ndo kichekesho, kuna watu kwa kundi lao la damu linaloitwa Lewis hawaitengenezi kabisa maisha yao yote, hata kongosho likioza itasoma karibu na sifuri, na kwetu Waafrika watu hao ni wengi kuliko Wazungu. Halafu mwenye jiwe lililoziba mrija wa nyongo, macho ya njano, inaweza kumfika mamia hata maelfu, jiwe likitolewa inashuka.

Sasa wewe mzima ukatoka na H moja kwenye tano, utalala? Utaanza CT skani, kamera ya tumboni, mwisho wa siku hamna kitu na laki zako zimeenda. Au mbaya zaidi zote zitoke kawaida halafu una damu kwenye choo unajiambia nilishapima.

Daktari_wa_Zamu
Niongeze tu vya kweli vya kupima. Kwa mwanamke, shingo ya kizazi, hicho kipimo kipo na vituo vingi vya serikali kinafanyika. Mwenye homa ya ini B au ini lililosinyaa, ultrasaundi kila miezi sita, AFP inaweza kuongezwa juu yake, hapo AFP ina kazi. Mwanaume wa miaka 50 na kuendelea akae na daktari waongelee PSA, faida na hasara, na asiende kupima wiki chache baada ya UTI au kuwekewa mpira wa mkojo, wala siku mbili baada ya tendo la ndoa. Na kama anatumia finasteraidi ya tezi iliyokua, amwambie anayesoma majibu, inaikata PSA kama nusu.

Mama_Wawili_Morogoro
Mimi nilikuwa na mimba zabibu, ile isiyokuwa na mtoto wa kawaida, wakanisafisha, nikawa napimwa hCG, homoni ya mimba, kila wiki. Mnavyosema namba sio kila kitu mimi kwangu ilikuwa ndio kila kitu, kila wiki niko kwenye benchi, ilishuka shuka halafu wiki tatu ikagoma palepale, wakanianzishia sindano za methotrekseti hata bila kunikata kinyama. Au mimi nilifanyiwa tofauti?

Daktari_wa_Zamu
Dada ulifanyiwa sawasawa, na nimefurahi umeuliza maana hawa vijana watatoka hapa wanasema vipimo vyote ni uongo. Ya mimba zabibu ndiyo ile niliyosema ziko chache. hCG inatolewa na kile kitu chenyewe, haina visingizio vingi, na nusu yake inaondoka kwenye damu ndani ya siku moja hadi moja na nusu, kwa hiyo kama mzizi umeisha lazima ishuke. Ikisimama au ikipanda, kuna kilichobaki, tunatibu. Ndo sababu mlikatazwa kubeba mimba kipindi kile, mimba mpya ingetoa hCG yake na tungekuwa hatuelewi tunasoma nini. AFP kwenye saratani za korodani nayo ni ya kuaminika hivyo, nusu inapotea kwa siku tano hadi saba, unaweza kupiga hesabu kabisa itakuwa wapi wiki mbili zijazo.

CA-125 iko katikati. Inaaminika kuonyesha njia mtu akiwa kwenye matibabu, haiaminiki kusema una saratani au huna.

Upepo_wa_Kusi
Mimi nilimaliza kemo ya ovari mwaka jana, CA-125 yangu 14. Naenda kupima kila mwezi kwa hela yangu nje ya kliniki maana siwezi kulala. Daktari wangu anasema nisifanye hivyo, ananiambia subiri dalili, mimi naona kama ananitelekeza. Mnasemaje?

Daktari_wa_Zamu
Mama au dada, samahani sijui nikuiteje, hakutelekezi. Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza na Ulaya uliochapishwa 2010 kwenye jarida la Lancet, waliwachukua wanawake 529 waliomaliza matibabu, CA-125 ikapanda hawana dalili, nusu wakaanzishiwa kemo hapohapo na nusu wakasubiri mpaka dalili zije. Walioanza mapema walianza karibu miezi mitano kabla ya wenzao. Hawakuishi zaidi. Walichopata ni kemo nyingi zaidi na kuanza kujisikia vibaya mapema. Ni kweli saivi kuna dawa ambazo enzi hizo hazikuwepo na kuna wanaofaa kuoperewa tena ugonjwa ukirudi mdogo, kwa hiyo madaktari wengine bado wanapima kila miezi mitatu, hiyo ni mazungumzo kati yako na yeye. Ila kila mwezi, maabara ya nje, peke yako, hapana. Tumbo kujaa, kushiba haraka, kukojoa mara kwa mara, maumivu ya nyonga yasiyoondoka, hayo usisubiri tarehe ya kliniki, nenda.

Kwa wa titi waliomaliza matibabu ya hatua za mwanzo na hawana dalili, ASCO, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, hawashauri kabisa CA 15-3 ya mara kwa mara. Dada wa Tabata yeye ni tofauti kwa sababu yuko kwenye matibabu ya iliyosambaa.

Upepo_wa_Kusi
Niite dada tu, 44. Nimesoma mara mbili. Sijui kama nitaweza kuacha ila nitajaribu kuruka mwezi huu.

Dada_Mkubwa_Tabata
Mdogo wangu Upepo, njoo inbox. Mimi wiki ya majibu huwa naiita wiki ya kufua, nafua mpaka mapazia. Tutafua wote.

Mkubwa_wa_Nyumba
Wakuu mrejesho. Alhamisi tumeenda, nilibeba karatasi zote nimezipanga kwa tarehe kama mlivyonifundisha. Daktari alichukua ile ya mtaani akaitazama sekunde mbili akaiweka pembeni. Akamlaza mama, akamgusa tumbo pole pole huku anamuuliza anakulaje, choo kinatoka, usiku analala upande gani. Halafu akamuuliza swali ambalo sikulitegemea, mama khanga siku hizi unafungaje? Mama akasema baba wakati ule wa maji ilikuwa haifiki, nilikuwa naunga mbili, sasa hivi moja inazunguka mpaka inabaki. Daktari akaandika hilo kwenye faili, nimeliona kwa macho yangu, ameandika kabla hata ya kuandika namba.

Akasema vitendanishi vimefika, wakatoa damu palepale. Mjomba alikuja, alikaa kona kimya. Daktari alivyomaliza mjomba akauliza kwa hiyo hii 268 ni ya uongo? Daktari akasema mzee sio ya uongo, ila siijui, sina ya mashine hiyo ya kuilinganisha nayo. Mjomba akatikisa kichwa, sijui kama amekubali au vipi.

Damu nyeupe zilikuwa sawa, kemo ya tatu imeingia kama ilivyopangwa. Majibu ya CA-125 ya hospitali nimeyafuata leo asubuhi: 179. CT skani wamesema baada ya raundi ya sita.

Pipeti_Mbili
Safi sana. Kwa hiyo mstari wako ni 402, 231, 179, wa mashine moja. Ya mtaani iandike pembeni kwa kalamu nyingine na uweke CLIA mbele yake, usiitupe, siku vitendanishi vikiisha tena na mkalazimika kurudi palepale mtaani utakuwa na ya kuilinganisha nayo. Au waulize hospitali kama wanaweza kutuma sampuli kwenye maabara yenye mashine kama yao, baadhi wanafanya, ni kuuliza tu.

Daktari_wa_Zamu
179 kutoka 231 ni mwendo mzuri lakini msipike pilau bado, tusubiri ya raundi ya nne. Na mama akipata homa yoyote kati ya sasa na hapo, hata usiku, ni hospitali, hiyo ni hatari kuliko CA-125 yoyote.

Mkubwa_wa_Nyumba
Sawa daktari, kipimajoto tumenunua. Pilau nitamwambia dada, ingawa nyama ilishanunuliwa.

Chuma_cha_Reli
Nyama ikishanunuliwa haina mjadala mkuu, tuelekeze tu nyumbani.